Fremu Nyepesi ya Mama Maziwa

Kila alfajiri mama alifunga madumu mawili ya maziwa nyuma ya baiskeli, na binti yake aliishika isilale upande. Wateja walimwita mwanamke huyo Mama Maziwa. Binti naye shuleni aliitwa Mshale, kwa sababu ya mbio zake. Mpira wa kufungia ukishakazwa, mama alipanda, akashuka barabara ya mawe huku madumu yakigongana.

Baiskeli ilikuwa imekwisha. Kutu ilikuwa imeila fremu mpaka ukiigusa inakuachia unga mwekundu mkononi.

"Hii imechoka kuliko mimi," mama alisema siku moja, akampa Mshale hela. "Ukitoka shule, ipeleke kwa fundi. Muulize fremu gani itanifaa, afunge magurudumu haya haya. Mimi sitawahi, nina wateja wanaokuja nyumbani jioni."

Kwa fundi baiskeli, fremu mbili za mtumba zilining'inia ukutani. Moja ilikuwa ya chuma, nyeusi na nene. Nyingine ilikuwa ya alumini, nyekundu, inang'aa. Mshale aliinyanyua ile nyekundu kwa mkono mmoja. Moyo ukamruka.

"Usidanganywe na wepesi," fundi alimwambia huku akipangusa mikono. "Hiyo ni ya mbio, raha yake ni kwenye lami. Mabomba yake ni membamba. Ukiibebesha mzigo kila siku kwenye mawe, inachoka kimyakimya, halafu siku moja inakatika tu. Na hakuna mchomeleaji hapa wa kuiunga. Ya chuma ni nzito, lakini inavumilia. Mama yako achukue ya chuma."

Mshale alijiona akilini akiwapita wavulana wa darasa la saba. Akameza mate.

"Fundi, hii si ya mama. Mama atanunua baiskeli nyingine ya mzigo. Hii ni yangu ya kwendea shule."

"Aa! Basi kama ni begi la madaftari tu, haina shida," fundi akacheka, akachukua spana.

Nyumbani mama aliuliza, "Fundi amesemaje?"

"Amesema hii nyekundu ndiyo itakufaa."

Mama hakuuliza zaidi. Alihamisha keria mwenyewe, na fremu ya zamani akampa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Jumamosi Mshale aliwaacha wavulana nyuma kwenye lami, wakabaki kupiga kelele. Mama naye alirudi akitabasamu. "Huyu fundi Mungu ambariki! Hata kilima sikisikii." Kila mama alipomsifu fundi, Mshale aliinama kama anayetafuta kitu chini.

Kisha, akiosha baiskeli, aliona ufa mwembamba kama unywele chini ya kiti. Aliupitishia kitambaa. Haukufutika. "Ni mkwaruzo wa rangi," alijiambia, akaisukuma baiskeli ndani.

Asubuhi iliyofuata, jirani muuza mboga alikuja mbio darasani. Mama alikuwa ameanguka mteremkoni. Mshale alipofika, aliona maziwa yakitiririka katikati ya mawe na fremu nyekundu imekatika vipande viwili. Mama alikuwa amekaa pembeni, ameukumbatia mkono wake, uso umemjaa vumbi. Hakulia. Aliuliza tu, "Na wewe mbona umeacha masomo?"

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Hospitali walimfunga plasta ngumu. Majirani waliokuja kumpa pole walikuwa na maneno yao.

"Fundi huyo ni tapeli," muuza mboga alisema. "Anamuuzia mtu kifo!"

Habari zikasambaa. Mama alipokwenda kwa fundi, Mshale akimfuata na vipande vya fremu, walikuta benchi la wateja tupu. Fundi aliutazama mkono wa mama, akautazama ule mpasuko, kisha akamtazama Mshale.

"Nisamehe, mama," alisema taratibu. "Huenda nilimwelewa vibaya binti."

Mshale angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo.

"Hukunielewa vibaya, Fundi," alisema, machozi yakimtoka. "Mama, aliniambia uchukue ya chuma. Mimi ndiye niliyesema uongo. Kwake na kwako. Na ule ufa niliuona."

Mama alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye lile benchi tupu.

Fundi aliishusha ile fremu ya chuma. Siku zote za juma lile Mshale alikuja baada ya masomo, akaisugua kwa msasa, na fundi akaifungia magurudumu. Jioni alipita nyumba kwa nyumba akisema ukweli. Muuza mboga alikwenda mwenyewe kumwomba fundi radhi. Lakini wateja wengine walikuwa wameshahamia kwa fundi mwingine, na hawakurudi. Mkono wa mama ulipona, ila haukukunjika tena kama zamani. Kufunga madumu sasa ilikuwa kazi ya Mshale.

Asubuhi ya kwanza ya kutumia baiskeli ile nyeusi, Mshale alikaza mpira, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, bado una hasira?"

"Hasira imekwisha. Kilichobaki ni huzuni," mama alijibu. "Mimi sijui alumini wala chuma, mwanangu. Siku ile sikuchagua fremu. Nilichagua kukuamini wewe, nikapanda juu ya neno lako na mzigo wangu wote. Mtu akikuuliza kitu, kumbuka kwamba anakwenda kuegemea jibu lako. Basi mpe lile litakalombeba, hata kama wewe hulipendi."

Mshale aliitikia kwa kichwa. Kisha akalijaribu fundo tena, akalikaza zaidi, na kumshikia mama baiskeli apande.