Wosia Ulioandikwa Baada ya Matanga

Haya yalimpata jirani yetu wa mtaa wa Kataki, Mama Adrienne, mwaka wa tisini na moja, na kama hamniamini kaulizeni, wanaomjua bado wapo. Asubuhi ile alikuwa uani anageuza ndagala, wale samaki wadogo, juu ya mkeka. Jua zuri, upepo wa ziwa taratibu, watoto wake watatu wamekwenda shule. Mumewe, Papa Bonaventure, fundi wa mitambo ya meli pale bandarini, alikuwa na siku arobaini kaburini. Alikufa ghafla, hakuacha wosia. Mtu wa miaka hamsini na mbili, anabeba mashine peke yake, ataandika wosia wa nini?

Saa nne wageni wakafika kutoka Moba. Mbele alikuwa Emilie, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hata salamu zake zilikuwa ugomvi. Nyuma yake Pontien, mwanawe, mwanaume mzima wa miaka ishirini, amekwisha kuvaa saa ya mkononi ya mjomba wake. Saa ile Mama Adrienne alikuwa ameitafuta nyumba nzima tangu msibani.

"Tumekuja kutoa matanga," Emilie akasema. "Na Pontien njo atapyana, yeye na si mwingine."

Kwa watu wa kwao, kupyana ni kuingia ndani ya jina la marehemu, na anayeingia ni mtoto wa dada yake. Anaketishwa kwenye kiti cha mjomba, anapakwa unga mweupe kwenye paji la uso, wazee wanamwuliza mara tatu, "Wewe ni nani?" naye anajibu kwa jina la maiti. Kuanzia hapo mali ni yake na mzigo ni wake: anawalea watoto wa marehemu kama aliyewazaa. Desturi haina ubaya ikifanywa yote.

Wazee wakaitwa uani, na Pontien akajibu mara tatu, kwa sauti kubwa. "Bonaventure!"

"Na watoto wako ni nani?" mzee akauliza, kama inavyotakiwa.

Pontien akacheka. "Sina watoto hapa. Hawa ni wa ukoo wa mama yao. Mimi nimekuja kwa nyumba."

Wazee wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba jina haliingiwi nusu; marehemu ukimwita halafu ukamnyima watoto wake, atakuja kuwatafuta mwenyewe. Emilie akamkatiza. "Maliza, mzee. Jua kali."

Wakamaliza. Mama Adrienne na watoto wakahamishiwa kibanda cha jikoni, kwenye uwanja wa nyumba ambayo matofali yake aliyachotea maji kwa kichwa chake mwenyewe, mimba ya binti yake Virginie tumboni. Akaambiwa mwisho wa mwezi hata kibanda aache.

Akaenda kwa Papa Gaspard, mwandishi wa baraza.

"Mama, sheria mpya inawapa watoto," Gaspard akasema. "Lakini wazee wa hapa hawajaisoma, wanakata kwa desturi. Kungekuwa na wosia, ameuandika kwa mukono wake, tarehe na sahihi, hata Emilie angenyamaza."

"Kwa mukono wake."

"Wake mwenyewe. Bila ule, uanze kufunga vitu."

Hakulia njiani. Hasira ilikuwa imemkausha machozi.

Siku ya tatu baada ya matanga, Pontien akaanza kukohoa mlangoni kabla ya kuingia. Vikohozi viwili vifupi, kama vya marehemu akitoka kazini. Emilie akacheka, akasema mwanawe anajua kuiga. Siku ya nne akamkuta Virginie kisimani, akamwita Kadege. Jina hilo alilijua baba yake tu. Msichana akaacha ndoo akakimbia. Siku ya tano Emilie aliita, "Pontien!" Mwanawe akageuka nyuma, kutazama ni nani anayeitwa.

Mwingine angekimbilia kwa padri. Mama Adrienne, hapana. Alikaa mlangoni mwa kibanda, akatazama, akatulia kabisa.

Mchana wa siku ya sita Emilie alikwenda sokoni. Jua lilikuwa utosini, kivuli hata cha kuku hakuna. Mama Adrienne akachana karatasi kwenye daftari la Virginie, akachukua kalamu, akaingia nyumba kubwa. Yule mtu alikuwa ameketi mezani, mikono magotini.

"Bonaventure," akanong'ona.

"Ndiyo, mama Virginie."

Sauti! Ilikuwa sauti aliyolala nayo miaka kumi na saba.

"Watoto wanafukuzwa."

"Nani anawafukuza?"

"Mwenye kuvaa saa yako."

Akaitazama saa. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, kwa mkono wa kushoto. Pontien alikuwa mtu wa mkono wa kulia tangu kuzaliwa. Bonaventure, wa kushoto.

Kalamu ikaanza kwenda. *Mimi Bonaventure, nyumba yangu ya Kataki naiacha kwa mke wangu Adrienne na watoto wetu.* Mkono wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Umekaza. Kucha zimekuwa nyeupe. Jasho likadondoka.

Mdomo ukafunguka. Sauti nyingine ikatoka, nyembamba, ya mbali.

"Mama Adrienne. Unisaidie. Ananisukuma."

Alisikia. Tusimsingizie kwamba hakusikia. Akainama mpaka sikioni.

"Ulijibu mara tatu, Pontien. Nani alikulazimisha?"

Mkono wa kulia ukaachia meza. Wa kushoto ukaweka tarehe, ukatia sahihi.

Barazani, alasiri ileile, Papa Gaspard alitoa barua ya zamani, ile marehemu aliyoombea kiwanja, akaweka karatasi mbili bega kwa bega. Akazitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mukono njo wake. Hata ule mukia wa herufi ya mwisho." Kidole kikashuka chini ya karatasi, kikasimama. "Lakini tarehe hii ni ya leo."

"Ndiyo."

"Mama, wosia haufunguliwi kama mwenye kuuandika iko muzima. Muntu aliyeandika leo, leo..." Akaisukuma karatasi kwa kalamu, hakutaka tena kuigusa. "Uende. Usinielezee kitu."

Angeweza kuichana njiani. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba aliwaza kuichana. Alifika darajani, akamkumbuka Pontien mchanga, alivyokuwa akimbeba mgongoni wakienda misa kwao Moba. Roho ikamlegea kidogo. Lakini alipoingia uani alikuta vyungu vyake nje ya uzio, nguo za watoto mchangani, na Emilie anatia kufuli mpya kwenye mlango wa kibanda.

"Mwisho wa mwezi ni mbali," Emilie akasema. "Utoke leo."

Mama Adrienne akapita, akaingia nyumba kubwa. Yule mtu alikuwa palepale mezani.

"Bonaventure. Biro ya baraza wanasema ungali muzima."

Akainua uso. Macho yalikuwa na huruma, huruma ya mume wake kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Nilisahau," akasema.

Akavua saa, akaiweka mezani. Akalala sakafuni, amenyooka. Akaweka mikono kifuani. Kifua kikashuka. Hakikupanda tena.

Kesho yake asubuhi, wazee wote wakiwapo uani, Gaspard alisoma wosia kwa sauti iliyokuwa inakatika. Hakuna aliyepinga. Walikuwa wamelisikia wenyewe jina ambalo maiti ile ilijiita. Ndani, Emilie alikuwa anaosha mtoto wake. Ghafla akapiga yowe.

"Huyu si mwanangu! Mwanangu iko wapi?"

Mama Adrienne akaingia. Chini ya kitovu, upande wa kulia, palikuwa na kovu la kupasuliwa, na mshono mmoja umekwenda upande. Pontien hakuwahi kupasuliwa. Kovu lile Mama Adrienne alilisafisha kwa maji ya chumvi wiki tatu, mumewe alipotoka hospitali. Akalifunika kwa shuka.

Emilie akatoka mbio, maji ya maiti bado mikononi, mpaka makaburini, watu nyuma yake, Mama Adrienne kati yao. Akajitupa kifudifudi juu ya kaburi la Bonaventure, sikio chini, akiita mwanawe. Wakamwinua kwa nguvu. Ilikuwa kiangazi, miezi miwili bila tone la mvua, kaburi lote vumbi. Lakini shavuni mwa Emilie palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano, ya udongo mbichi unaotiririka maji.

Alirudi Moba kwa boti ya kwanza. Mama Adrienne alifungua nyumba yake, akawaingiza watoto, akawapikia. Majirani wakamwuliza kama yeye naye, pale kaburini, alisikia kitu chini.

"Nilisikia," akasema. "Lakini wosia umekwisha kusomwa."