Mbu Dume Langoni Loduare

"Sanduku lisiingie Karatu. Ua, choma, fanya lolote."

Mkuu akakata simu. Sikudhani, jasusi wa kike wa Idara ya Usalama, akayatazama magari yaliyojipanga langoni Loduare yakitoka Ngorongoro. Land Cruiser tupu, zote za rangi ya udongo.

Moja ilibeba kifo. Ipi?

Bartolomeo, mwenzake kazini, alikuwa mahututi hospitalini. Aliumwa na mbu jike ndani ya maabara ya magendo kule Enguserosambu. Kabla hajazidiwa alimweleza yote.

"Wamewatia virusi mbu dume, Siku. Dume haumi, hakuna atakayemwogopa. Ila virusi vinampa wazimu. Hali wala halali, ni kupanda majike tu, na kila jike anayempanda anamwachia virusi. Jike ndiye atakayetuuma. Watawafungulia mnadani Karatu leo. Germana wangu anauza maharage pale."

"Mkeo hataguswa," Sikudhani alimwahidi.



Baridi. Ukungu. Nyani walikaa ukutani wakiyakodolea macho magari.

Madereva walishuka kugongesha vibali muhuri, na kila mmoja alipandisha vioo kwanza. Dereva wa Karatu anaweza kumsahau mtalii porini. Vioo vya Loduare hasahau.

Mmoja akashuka, akaacha dirisha wazi.

"Wewe si wa huku," Sikudhani akanong'ona.

Nyani alimwahi. Akazama dirishani, akaibuka na kisanduku cheupe, akaparamia ukuta. Yule dereva bandia akapiga ukelele, mkono ukaenda kiunoni.

Glock ya Sikudhani ikabweka. Mara moja tu. Jamaa akaanguka, kibali kingali mkononi.

Kwa mshtuko nyani akakiachia kisanduku. Kikagonga chini, kifuniko kikapata ufa. Ndani mlisikika mlio mwembamba, wenye hamu mbaya.

"Rudini nyuma wote!"

Akachomoa dumu la petroli kwenye pikipiki yake, akamwaga, akawasha kiberiti. Mlio ukazima.

Simu ikaita.

"Nimewachoma, Mkuu."

"Vizuri. Siku, Bartolomeo ametutoka. Mkewe hajaambiwa."

Akavaa miwani ya jua, akapanda Yamaha yake, akashuka bila haraka hadi Karatu. Mnada ulikuwa umechangamka. Germana alikuwa akipima maharage kwa debe.

"Wifi! Karibu! Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Germana akajipiga kofi mkononi, akamwua mbu. Mbu wa kawaida, wa siku zote.

"Mbu wa hapa nao wamezidi," akacheka.

Sikudhani akavua miwani yake ya jua, akalishika debe. "Wifi, kaa chini kwanza."