Vimulimuli wa Machi

Kila asubuhi navukiza ubani mbele ya Buddha na kuungama: nilimcheka mwanamke mgonjwa.

Alikuwa mama yake rafiki yangu Tokujiro, mtu mwenye majivuno, ambaye kwa miaka ishirini ameandika daftarini siku vimulimuli wanapotokea kwetu Tsugaru, nchi ya theluji nyingi. Hawajawahi kutoka kabla ya Julai.

Machi ile mama huyo, Bibi Ine, alikuwa hoi. "Toku, vimulimuli wametoka? Nikiwaona tu, naondoka."

"Basi utaishi sana, mama! Theluji iko kiunoni. Hata mdudu anaijua kalenda kukushinda."

Nami nikadakia, "Labda watakuja wamevaa makoti, bibi!" Tukacheka, wapumbavu wawili.

Jioni Tokujiro akaenda kufukua kabichi tunazozifukia thelujini kila mwaka. Aliniambia kulikuwa kimya kabisa, ila maji yakidondoka mahali fulani. Pigo la tatu la koleo likafichua mwanga wa kijani chini ya theluji, ukiwaka na kuzima polepole. Kisha ukaanza kwenda, huko huko chini, kuelekea nyumbani. Akakimbia. Ukamtangulia hadi chini ya dirisha la mama yake.

Akasikia sauti ya mama yake: "Toku, zima taa niwaone vizuri."

Chumbani hakukuwa na taa iliyowashwa.

Alfajiri Bibi Ine alikuwa amefariki. Daftarini Tokujiro hajaandika kitu.

Sasa ni Machi tena. Mke wangu Fumi anaumwa, na jana aliniuliza kama vimulimuli wametoka. Ukija kumjulia hali, tafadhali usifungue pazia.