Mwiba Usiokuwepo

Kila asubuhi Yurub aliamka akiwa amechoka. Alichota maji kisimani kabla ya shule, akakaa darasani mpaka saa saba, akarudi nyumbani na kunywa chai, kisha akawatoa mbuzi kwenda malishoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ungemuuliza anapenda nini zaidi duniani, angekujibu bila kufikiri: kulala.

Huo ulikuwa mwaka 1998. Mafuriko yalikuwa yamepita, na maradhi yaliyofuata yalikuwa yameua mifugo mingi kandokando ya Habaswein. Baba yake, Abshir, alikwenda Garissa kutafuta kibarua. Mama yake, Hasna, alikata kuni mchana kutwa. Nyumbani walibaki mbuzi saba, mdogo wake Awil, na nyanya Maryan, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma kazi zamani.

Wachungaji wa huko wana desturi yao. Jua likielekea kuzama, hupanda kichuguu cha mchwa ili wawatazame mbuzi juu ya vichaka na kuwahesabu. Ndivyo Yurub alivyofundishwa. Kuketi hakufundishwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe, na kutoka kuketi hadi kusinzia si mbali. Kichuguu kilikuwa na matundu yaliyotoa hewa ya baridi. Kila jioni aliegemeza shavu lake hapo na kufumba macho, kidogo tu, alivyojiambia.

Jioni moja alipofumbua macho, mbuzi walikuwa sita. Adey, mbuzi mweupe aliyempa Awil maziwa, hakuwepo. Nyuma ya kichaka Yurub aliona damu na nyayo za fisi. Aliwaswaga sita waliobaki hadi nyumbani.

"Fisi amemchukua Adey," alimwambia mama yake.

Hasna alimtazama usoni. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kipele chekundu, kilichokuwa pale kwa siku kadhaa bila mtu kukitazama vizuri. "Na hapo shavuni umefanya nini?"

Yurub aliona mlango wa kujiokoa umefunguka, akapita. "Mwiba, hooyo. Nilimkimbiza fisi vichakani, ukanidunga."

"Pole, hooyo," alisema Hasna, maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. Akamkumbatia. Yurub aliona heri angechapwa. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka, naye alikuwa amechoka mno kuyarudisha.

Kipele hakikupona. Kilivimba, kikapasuka, kikawa kidonda chenye kingo zilizoinuka. Hakikumuuma sana, ila hakikufunga. Mwezi ukapita, kisha wa pili na wa tatu. Kila wiki kilipanda juu zaidi, kuelekea kwenye jicho. Darasani Nimo, rafiki yake, alihamia dawati jingine.

Ijumaa moja alasiri, nyanya Maryan alitia msumari mrefu kwenye makaa. Alikuwa ametibu ngamia na watu kwa moto tangu ujana wake, na wengi walimsifu.

"Mwiba bado umo ndani," alisema. "Tutachoma na kuufuata mpaka tuupate."

"Lakini ayeeyo, jicho liko karibu," alisema Hasna, akimwita nyanya kama watoto walivyomwita.

"Ukibaki humo utalila jicho lenyewe. Mshike kichwa."

Hasna akamshika. Mikono yake ilikuwa migumu kwa kuni. Nyanya akautoa msumari, ncha yake nyekundu. Yurub alisikia joto shavuni kabla msumari haujafika.

"Hakuna mwiba!" alipiga kelele. "Ayeeyo, hakuna mwiba! Niliongopa!"

Msumari ukasimama hewani. Yurub akasema yote huku akilia: kichuguu, usingizi, Adey, na fisi ambaye hakumkimbiza hata hatua moja.

Hasna alimwachia kichwa. Akaenda kuketi kando ya nyumba, akawapa mgongo. Yurub alitamani ardhi immeze.

Nyanya aliuchomeka msumari mchangani. "Nilikuwa nautafuta mwiba," alisema taratibu. "Basi sijui hiki ni nini, na kitu nisichokijua sikichomi. Hasna, inuka. Mpeleke zahanati."

Asubuhi yake walitembea saa mbili mpaka Habaswein, mama mbele, mwana nyuma. Daktari Yarow, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alikwangua ukingo wa kidonda, akapaka kwenye kipande cha kioo na kuchungulia kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Jioni huwa unakaa wapi?" aliuliza.

Yurub alimtazama mama yake. "Juu ya kichuguu. Naegemeza shavu kwenye tundu. Nasinzia."

"Umenisaidia kuliko unavyojua," alisema daktari. "Ungeniambia mwiba, ningeanza kwa dawa ya mwiba. Humo kwenye matundu hujificha usubi. Ni mdudu mdogo kuliko mbu, na akija humsikii. Jioni hutoka kutafuta damu. Akiwa amebeba vimelea, huviacha katika ngozi anapouma, na baadaye hapo panakuwa kidonda kama hiki. Mbuzi wahesabu mapema, ukiwa umesimama, kisha urudi nao kabla jua halijazama. Na mtu yeyote nyumbani akipata kidonda kisichofunga, aje hapa."

Alimchoma sindano kuzunguka kidonda, na akamtaka arudi kila wiki. Sindano zile zilimtoa Yurub machozi kila safari, na kila safari ilikuwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Baada ya wiki nyingi kidonda kilifunga. Kiliacha kovu, lakini jicho lilipona.

Siku ya sindano ya mwisho, njiani kurudi, Hasna alipunguza mwendo.

"Umechoka?" aliuliza.

"Hapana," alisema Yurub upesi, kama alivyozoea kujibu kila siku. Kisha akasimama. "Ndiyo, hooyo. Nimechoka sana. Nimechoka tangu mvua zilipokwisha."

Hasna alitua mzigo wake, akaketi kwenye kivuli cha mgunga na kumvuta Yurub kando yake.

"Hata mimi," alisema. "Sikukasirika kwa sababu ulilala. Mtoto akichoka hulala. Nilikasirika kwa sababu nilimshika mwanangu kichwa achomwe kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Ukichoka, niambie, tutagawana kazi. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama kosa ni mbuzi. Kama hukuniambia ukweli, nitakutibu vipi?"

Yurub alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa mama yake, na usingizi ulikuwa umekwisha mchukua. Hasna hakumwamsha.