Nafasi ya Tatu Kutoka Kushoto

Sakafu ya ukumbi wetu wa ngoma niliitandika mimi, kwa mikono hii miwili, na asiyeamini aende akapitishe kidole. Hakuna msumari unaochungulia. Shule niliachia darasa la sita, lakini mbao hazijawahi kuniuliza cheti. Nasema haya mapema ili tukifika kwenye ule ubao mmoja, mtu asije akadai fundi alilipua kazi.

Kisiwa chetu ni kidogo. Ukipiga chafya upande huu, unaambiwa pole upande wa pili. Na kwetu kucheza si mapambo. Mtoto akizaliwa tunacheza, mtu akihama nyumba tunacheza, ndugu wakigombana wanachezeana mpaka mmoja wao acheke. Wachezaji wa ukumbini ni kumi na wawili, mstari mmoja, na kila mmoja ana nafasi yake ya maisha. Akifa, nafasi hiyo haijazwi mwaka mzima. Mstari unabaki na pengo, na walio pembeni wanampisha kama vile bado yupo. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tunavyofanya.

Wote, isipokuwa shemeji yangu.

Huyu mume wa dada yangu tunamwita Tai, maana hata akienda chooni anaivaa. Alikaa ng'ambo miaka minne, akarudi na mkoba, na tangu siku hiyo hataki kujua ana miguu. Kucheza, alisema, ni shughuli ya wasio na shughuli. Mtu mwenyewe kifua kama cha kifaranga! Lakini wageni walipoanza kuja kutazama, bwana mkubwa akajiteua mkurugenzi wa kikundi. Hajui hatua hata moja. Ni sawa na kunikabidhi mimi hospitali.

Nafasi ya tatu kutoka kushoto ilikuwa ya mama yake mzazi. Tulimwita Bi Mkokoto, kwa sababu nyonga ilimsumbua na mguu wa kushoto ukawa haunyanyuki vizuri: ta, ta, kraaa. Alicheza hivyohivyo mpaka wiki aliyokufa, na wenye miguu mizima hawakumfikia. Alichoomba maisha yake yote ni kimoja tu, mwanawe asimame naye mstarini, japo mara moja. Tai hakwenda. Alisema anaona aibu.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, Jumamosi saa tisa mchana, nilikuwa ukumbini nakaza bawaba ya dirisha. Jua limejaa ndani. Wachezaji wanajinyoosha, wanataniana. Tai akaingia na binti yake wa miaka kumi na minne, mpwa wangu.

"Wewe simama pale kwa bibi yako," akamwambia. "Wageni wanakuja kesho. Sitaki mstari wenye pengo kama mdomo wa kikongwe."

Mpiga ngoma wetu mkuu, Mzee Ngozi, akalaza viganja juu ya ngoma. "Mkurugenzi, mwaka haujaisha."

"Mzee, hayo waachie wavivu. Piga."

"Mwanangu, pale pana mtu."

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

Dada yangu, ambaye nafasi yake ni ya nne, akamwambia mumewe, "Baba, mwache mtoto." Tai akamwonyesha kiganja, kama askari anayesimamisha gari.

Binti akaingia kwenye pengo.

Ngoma ikapigwa. Hatua za kwanza, safi kabisa. Mpwa wangu ni mwepesi, na wepesi huo karithi kwetu, si kwa baba yake.

Halafu nikasikia. Ta, ta, kraaa.

Nikatazama miguu yake. Wa kushoto ulikuwa unakokota.

"Acha utani, mama," dada alimnong'oneza.

"Si mimi," mtoto akasema. Macho yametazama mbele tu.

Mzee Ngozi akaondoa mikono. Ngoma ikanyamaza. Wachezaji kumi na mmoja wakasimama.

Mtoto hakusimama.

Tukamshika. Mimi ninayebeba gogo la mninga peke yangu, nilimshika mkono, nikatupwa kama ganda la chungwa. Mkono ule ulikuwa wa baridi. Ulikuwa na makunyanzi. Nikatazama tena, ukawa wa mtoto.

Damu ikaanza kutoka vidole vya miguu. Midomo ikawa rangi ya majivu. Pumzi zikawa fupi, na bado anacheza.

"Mjomba," alininong'oneza nilipomkaribia tena, "anasema hanihitaji mimi."

"Nani?"

"Anamtaka baba."

Tukageuka. Tai alikuwa ameshafika mlangoni. Mwanawe anakufa mbele ya macho yake, naye anahangaika na kitasa! Mimi pia nilikuwa nimesharudi dirishani, ndiyo, lakini mimi nilikuwa na bawaba ya kukaza.

"Mimi sijui kucheza," alisema. Sauti ya panya.

Dada alivuka ukumbi kumfuata. Aliishika ile tai, akamburuta sakafu nzima kama mbuzi, akamsukuma pale.

Mtoto akaanguka pembeni. Analia. Mzima.

Na Tai akacheza. Na viatu vyake vyeusi. Hatua zote, hata zile ambazo Mzee Ngozi alikuwa amezisahau. Uso unalia, miguu inacheza. Hakuna aliyepiga ngoma. Na kila alipokanyaga mara moja, sakafu yangu ililia mara mbili.

Mwanga wa jua la jioni ulipopanda ukutani, akaacha. Akasogea pembeni, akainamisha kichwa, akampisha mtu.

Mpwa wangu alipona. Tai naye yu hai, ila mguu wa kushoto anaukokota, na daktari hakuona ugonjwa.

Wageni wa Jumapili tuliwarudisha, na Jumatatu nikaenda kusafisha damu. Pale kwenye nafasi ya tatu, ubao ulikuwa umebonyea. Nyayo mbili, kina cha ukucha, kwenye mninga mkavu kama jiwe. Miguu mitupu, mipana, kidole gumba kimepinda, na wa kushoto umeacha mkwaruzo mrefu. Mtoto ana mguu mdogo. Baba yake alivaa viatu.

Nimebadilisha ubao mara tatu. Zinarudi. Fundi mwenye ubavu aje ajaribu.

Jana niliweka wa nne. Leo asubuhi nimekwenda kuutazama. Nyayo zipo. Lakini kando yake kuna jozi nyingine, changa, hazijazama sana. Za viatu. Kisigino kimelika upande wa nje.

Shemeji yangu, mwenye visigino hivyo, amekaa barazani kwangu sasa hivi, anakunywa chai yangu, analalamika sukari haitoshi. Nautazama tu mguu wake chini ya meza, unavyojigonga wenyewe, polepole, naye hajui.

Ta, ta.