Rekodi ya Pei-shan

Mimi hukimbia hata friji yangu ikinguruma, lakini rafiki yangu Chih-hao ni mtu mkavu, na tangu mkewe Pei-shan afariki hakulia wala kucheka. Akiwa kazini Taipei, alisikiliza kila siku rekodi ya sauti ya mkewe, iliyohifadhiwa kwenye kisanduku cha mafaili, kompyuta ndogo ya kuhifadhia data, nyumbani Tainan. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alipobadili kampuni ya intaneti ya nyumbani, kisanduku hakikufikika tena. Jioni moja akamtuma huko dadake, Ya-ting, naye akampigia simu kutoka ndani ya nyumba.

"Kaka, kwa nini kisigome? Pakiti ya bisi uliyokiwekea kukituliza imeisha muda!"

"Weka mpya, ya kijani. Na usiile, nakujua!"

Akaiweka juu ya kisanduku, maana Taiwan huaminika kuwa pakiti ya kijani huifanya mashine itii, akaingiza anwani mpya ya intaneti alivyoelekezwa, akafunga nyumba, akasubiri barabarani na simu sikioni.

Njia ya mtandao ikafunguka. Kwenye kompyuta ya Chih-hao kule Taipei, Pei-shan akamtakia mumewe safari njema, kama siku zote. Rekodi ilikuwa ikiishia hapo. Sasa zikafuata ndara zikiburuzwa sakafuni, kisha sauti yake, taratibu: "Ya-ting, umeacha taa."

Swichi ikalia.

"Kaka," Ya-ting akanong'ona simuni, "nyumba imeingia giza."