Waliosukuma Teksi

Asubuhi hiyo, mahali pa teksi ya mzee palibaki doa la oili tu. Inspekta alichuchumaa akapachunguza. Hapakuwa na kipande cha kioo wala alama ya kuvunjwa kwa kufuli la geti. Mwizi alikuwa na funguo.

Mzee, dereva wa teksi tangu ujana wake, alikuwa na mtuhumiwa tayari. Alimwambia mlinzi wa maegesho kwamba kama analipwa kulala, basi angalau angelala mbele ya geti. Mlinzi alikiri kuwa usingizi ulimpitia. Kwa kuwa funguo za geti zilikuwa mfukoni mwake, Inspekta alimweka mahabusu, ingawa moyo haukutulia. Mwenye maegesho alikwisha sema kwamba mlinzi huyo hana kazi tena, labda mwizi mwingine apatikane.

"Gari lilikuwa zima?" Inspekta alimuuliza mzee.

"Zima kabisa. Ila betri. Asubuhi hutaka kusukumwa."

Kesho yake, wakati wa chai, mke wa Inspekta alikuwa akimsomea kutoka kwenye tovuti aipendayo. Sharti lake ni moja: hakuna kujisifu. Unaandika wema uliotendewa, si uliotenda. Kinyozi alimfuata mgonjwa nyumbani akamnyoa. Mama mmoja alimwazima mtu asiyemjua miwani yake, akamngoja mpaka akamaliza kusoma. Inspekta aliziita porojo.

"Wewe kazini unakutana na wabaya tu, baba watoto," mkewe alisema. "Acha nikusomee na wengine."

Akaendelea: "Namshukuru muuza magazeti na wanafunzi wawili walionisukumia gari jana alfajiri, karibu na kituo cha mafuta. Mmoja kiatu kilimvuka, akacheka tu. Mungu awatunze."

Inspekta aliweka kikombe chini.

Muuza magazeti alikumbuka vizuri. Ilikuwa teksi, na aliyeendesha alikuwa mwanamke mwenye sare ya wauguzi, akitafuta gia kama mtu aliyeangusha sindano gizani.

Binti wa mzee alikuwa muuguzi. Inspekta alimkuta wodini akimgeuza mgonjwa taratibu, huku akimnong'oneza maneno ya kumtuliza. Akangoja amalize.

"Teksi iko wapi, dada?"

"Teksi ipi?"

"Mlinzi yuko mahabusu tangu jana."

Uso ulimbadilika. Alikuwa zamu mfululizo, hakuwa na habari.

"Yule baba hana kosa. Niliichukua mimi, nikaiacha iteremke bila kuwashwa mpaka karibu na kituo cha mafuta. Iko gereji kwa shemeji yangu."

"Na funguo?"

"Za akiba, za gari na za geti. Baba huziweka kabatini."

"Yaani uliiba, halafu ukawashukuru hadharani waliokusaidia?"

"Kuiba ni kosa langu. Wema ni wao. Wale watoto walichafua sare zao kwa ajili yangu. Ningenyamaza, ningelalaje?"

Mlinzi aliachiwa mchana huohuo. Binti alimwomba radhi kwa magoti, na Inspekta mwenyewe akampeleka mlinzi kwa mwenye maegesho, akahakikisha amerudishiwa kazi yake.

Mzee alifika kituoni akiwaka.

"Mwanangu wa kumzaa, unataka nishinde kibarazani nikihesabu wapita njia?"

"Baba, wiki iliyopita uliponipeleka kazini, ulipita taa nyekundu kwenye kivuko cha shule."

"Palikuwa peupe."

"Palikuwa na mtoto. Aliruka nyuma akaanguka. Kila nikikuomba ukapime macho, unasema nataka kukutawala. Nikaona heri unichukie."

Mzee alimtazama Inspekta kana kwamba anatafuta shahidi.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" mzee aliuliza, sauti imeshuka.

"Wa kike, baba. Alibeba begi jekundu."

Mzee akatoa leseni yake mfukoni, akaifuta kwa kiganja, akaiweka juu ya meza ya Inspekta.

"Sikumwona, mwanangu," alisema. "Sikumwona kabisa."